Mshipi wa Gramu Thelathini na Moja

Jumanne, saa nne asubuhi, mke wa Korongo aliingia kwenye duka la vifaa vya uvuvi akiwa na fimbo ya kuvulia ya marehemu mumewe, imeviringishwa katika shuka la kitanda. Hakusimama kaunta. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, ambako Fundi alikuwa akipaka vanishi, akailaza fimbo mezani, kisha akaanza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi dirishani.

"Fundi, itafutie mshipi wake," alisema. "Kila siku saa nane na robo mchana inagonga kabati. Nimeshindwa hata kupiga pasi."

"Inagonga kwa muda gani, dada?"

"Dakika kumi na moja. Halafu kimya."

Fundi aliandika kwenye daftari: dakika kumi na moja. Fimbo isiyo na mshipi huchoka kukaa bure, na aliwahi kuletewa nyingine zenye tabia mbaya kuliko hiyo.

Kazi yake ilikuwa kuoanisha mishipi na fimbo. Mtoni kwao watu walivua samaki wa maji baridi kwa ndoano iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu, na ndoano ya namna hiyo haina uzito wowote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Ukiwa mwepesi mno, fimbo haijui kama imebeba kitu. Ukiwa mzito mno, fimbo inapiga magoti. Ndiyo maana kila fimbo huandikwa namba, na kila mshipi namba, na Fundi alipima mita tisa za kwanza za kila mshipi kwenye mizani ndogo ya shaba kabla ya kuuvisha. Namba tano ni gramu tisa. Hakuamini maandishi ya kiwandani. Karatasi, alizoea kusema, haina haya.

Fimbo ya Korongo iliandikwa namba tano. Fundi aliifungia mshipi namba tano, akatoka nao uani, akaurusha juu ya majani. Fimbo ilikaa wima kama mgeni asiyekaribishwa. Akafunga namba sita, saba, tisa, hadi kumi na mbili, ambao ni wa samaki wanaoweza kumvuta mtu mzima. Fimbo haikuinama hata ukucha.

"Hii inataka kitu kizito zaidi," alisema.

"Najua inachotaka," alijibu mke wa Korongo, akiendelea kutembea. "Sijui tu kinauzwa wapi."

Korongo alikuwa akiwaongoza wageni wa hoteli kuvua, na jina hilo alipewa kwa sababu aliweza kusimama majini kutwa nzima kwa miguu yake mirefu bila kulalamika. Miezi mitatu nyuma, alipokuwa amesimama hivyo peke yake akitafuta mahali pa kuwaleta wageni kesho yake, malango ya bwawa yalifunguliwa na maji yakamchukua. Taarifa ya ofisi ya bwawa ilisema king'ora kililia saa nane na robo, dakika kumi na moja kabla ya maji kufika, na marehemu akapuuza.

"Korongo apuuze?" alisema mkewe. "Mtu aliyekuwa akisikia sufuria ikifunuliwa, naye bado yuko getini?"

Fundi alianza kuufungua mshipi. Mtu aliyeajiriwa kubonyeza king'ora hicho alikuwa mume wa Fundi mwenyewe. Mke wa Korongo alilijua hilo, na Fundi alijua kwamba analijua. Mji ulikuwa mdogo na fundi wa fimbo alikuwa mmoja tu.

Siku hiyo Fundi alifunga kazi mapema. Hakuweza kutulia. Alibeba fimbo, mizani, na mshipi namba tano, akaenda navyo nyumbani, akavipanga kwenye meza ya jikoni, mshipi ukiwa juu ya sahani ya mizani. Mume wake, ambaye kwa kazi yake mtaani aliitwa Bwana King'ora, na Fundi mwenyewe akaitwa Bibi King'ora, alikuwa amesimama. Tangu siku ile ya maji hakuwa amekaa. Alikula amesimama, alivua viatu amesimama. Simu iliita, ilikuwa ni kaka yake.

"Kwani mimi nimekana?" aliiambia simu. "Nilikibonyeza. Yeye tu hakutaka kusikia."

Sahani ya mizani ikashuka. Fundi aliitazama, akaifuta, akaukunja mshipi upya, akapima. Gramu kumi na moja.

Alingoja akate simu. "Mume wangu, hebu rudia."

"Nini?"

"Ulichomwambia kaka yako."

"Nilikibonyeza."

Kumi na tatu. Bwana King'ora aliisogelea mizani, akaitazama kama mtu anayesomewa presha yake.

"Sema kitu kingine," alisema Fundi.

"Leo kulikuwa na mawingu." Sahani haikutikisika. "Nakupenda," akaongeza haraka, na sahani haikutikisika, jambo lililompa Fundi nafuu ingawa hakuwa ameuliza. "Chai yako tamu." Ikashuka nusu gramu. Fundi alisogeza bakuli la sukari, naye akajiongezea vijiko viwili.

Kisha alisema, polepole, huku akikoroga. Meneja wa bwawa alikuwa ameagiza king'ora kisilie mchana, kwa kuwa wageni wa hoteli hulala baada ya chakula. Waya ulichomolewa. Baada ya maji, maelezo yaliletwa yakiwa yameshachapwa, kilichobaki ni mahali pa sahihi. "Nilibonyeza," alisema. "Hilo ni kweli. Kidole kilibonyeza. Hakikulia kitu."

Fundi alitazama mizani. Ilitulia kama maji ya mtungini.

"Utayasema haya ofisini?"

"Ofisini wanayajua. Ndio walionifundisha."

"Basi mwambie mke wa Korongo."

Alizunguka meza mara mbili. "Mwenzangu, unafikiri sijafika mlangoni kwake? Nimefika mara nne. Mkono unagoma kubisha."

Fundi hakumlaumu, wala hakumfariji. Alikuwa na fimbo ya mteja na fimbo ilihitaji mshipi. Alimwomba asimame karibu na mizani arudie yale maneno ya taarifa, moja moja, kama alivyoyatia sahihi: king'ora kililia, marehemu alipuuza. Alirudia. Jasho lilimtoka, na sauti ikapungua kadiri gramu zilivyopanda: kumi na tano, kumi na tisa, ishirini na nne. Walipofika thelathini na moja, fimbo iliyoegemezwa mlangoni ikainamisha ncha kidogo, kama inavyofanya fimbo yoyote inapokutana na mshipi wake.

"Inatosha," alisema Fundi.

Bwana King'ora alivuta kiti, akakiangalia, akakirudisha.

Kesho yake, saa nane mchana, Fundi na mke wa Korongo walishuka mtoni pale Korongo alipokuwa akisimama. Mke wa Korongo alivaa mabuti ya mumewe, yaliyomfika mapajani, akaingia majini. Hakuwa amewahi kurusha. Fundi alimshika kiwiko.

"Urushe nyuma kwanza. Sasa ngoja. Usiwe na haraka, dada. Ukisikia umenyooka mgongoni kwako, ndipo uupeleke mbele."

"Mzito."

"Ndiyo kipimo chake."

Alirusha mara tatu ukaanguka miguuni. Mara ya nne mshipi ulinyooka. Ulikuwa na urefu wa mita thelathini, Fundi alikuwa ameupima mwenyewe, lakini ulipita kona ya mto, ukapita hoteli, ukapanda bonde hadi kwenye ukuta wa bwawa, kilomita mbili kutoka pale, ukanasa kitu. Fimbo ikapinda. Mke wa Korongo akaegemea nyuma, akavuta kama mtu anayetoa ndoo kisimani, na kitu kikaachia.

Kilikuwa ni mlio. Kilichomolewa ukutani kikateremka bondeni kikigonga kingo zote mbili, na saa nane na robo kamili king'ora cha siku ile kililia mji mzima, kimechelewa miezi mitatu. Kililia dakika nzima. Waliokuwa wakifua walikusanya nguo wakapanda juu. Watoto waliokuwa wakiogelea walitoka wakisukumana. Wageni wa hoteli walitoka kwenye roshani na mataulo, nyuso zao zimekunjamana na usingizi.

Mke wa Korongo naye aligeuka, akatoka majini. Alitembea na mabuti yale makubwa, akashika mzizi, akapanda ukingo, akakaa mahali pakavu. Kisha akatazama saa yake.

"Dakika mbili," alisema. "Tena mimi mabuti yananipwaya." Akaanza kuyavua, akasema tena, "Angepanda, akakaa hapa, akavuta na sigara."

Fundi alikaa kando yake hadi dakika kumi na moja zikaisha. Maji hayakuja, kwa kuwa haikuwa zamu yake siku hiyo.

Ijumaa ofisi ya bwawa iliongeza ukurasa kwenye taarifa. Ulisema kwamba king'ora kinafanya kazi, kwamba saa nane na robo kilisikiwa na wakazi wote pamoja na wageni, na kwamba walio na akili zao walitoka mtoni. Tarehe haikuandikwa. Mashahidi walikuwa mia mbili na zaidi, na hakuna aliyesema uongo. Bwana King'ora alipewa mkono na meneja mbele ya wenzake, akaonyeshwa pa kutia sahihi, akatia.

"Kilisikika," alimwambia mkewe jioni, amesimama na sahani mkononi.

"Ndiyo. Nilikuwepo."

Mke wa Korongo alipelekewa nakala. Aliisoma kaunta, dukani kwa Fundi, bila kutembea huku na huko, akaikunja, akaitia mfukoni. Hoteli nayo iliandika kulalamikia kelele, na meneja wa bwawa akajibu kwamba jambo hilo halitajirudia.

Halikujirudia. Alhamisi iliyofuata malango yalifunguliwa saa nane na robo bila sauti yoyote. Lakini mke wa Korongo alikuwa amepanda juu ya jiwe kubwa karibu na kona, anakoweza kuona maji yakianza kubadilika rangi, na alipoyaona alikusanya mikono mdomoni akapiga ukelele. Wavuvi walitoka. Mmoja alimshukuru, mwingine akamwambia angeanza mapema kidogo.

Tangu hapo anakwenda kila siku ya maji. Fundi hufunga chumba chake saa saba na nusu, akamfuata, na wakichoka koo wanapokezana. Sauti zao mbili hupanda bonde, zikapita hoteli, hadi kwenye kibanda kilicho juu ya ukuta, ambako Bwana King'ora anasimama, kidole juu ya kitufe. Anazisikia vizuri sana.