Uzi Mwekundu kwenye Usukani

Navin alikuwa ameahidi mbele ya watu, na Nikita aliamini kwamba mfanyabiashara akiahidi mbele ya watu amejifunga mwenyewe.

Nyuma ya duka lao la vifaa vya umeme mjini Nakuru palikuwa na meza ya fundi. Haikuwa na mwenyewe tangu Mzee Ndung'u aache kazi na kurudi Kabazi kulima viazi. Juu yake zilirundikana redio, pasi, feni na simu zilizoloa maji. Nikita, binti wa Navin, alikuwa na diploma ya elektroniki iliyotundikwa ukutani kando ya kalenda, na bado alishinda kaunta akiuza balbu. Aliitaka meza ile mpaka akaiota. Sunny naye aliitaka. Sunny alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Navin, aliyelelewa katika nyumba hiyohiyo, kijana mwenye ulimi mtamu asiyejua waya upi una moto na upi hauna. Lakini alikuwa mvulana. Hiyo ndiyo iliyokuwa diploma yake.

Walibishana kila wakikaa kula mpaka Navin akachoka. Siku aliyochoka, Gurpreet mwenye gereji alikuwa amekuja kunywa chai, akisimulia mashindano yao ya vigari vya rimoti, vile vyenye magurudumu makubwa ya mpira laini vinavyotambaa juu ya mawe polepole kama kobe. Kigari cha nyumba ya Navin hakikuwahi kulipanda jiwe kubwa la mlimani Menengai. Sunny alikuwa amejaribu mwezi uliopita, akarudi nyumbani akililaumu jiwe.

"Basi ni hivi," Navin akasema. "Niki ajaribu Jumapili. Ikipanda, meza ni yake. Ikikataa, meza ni ya Sunny, na sitaki kusikia kelele tena. Gurpreet, wewe ni shahidi."

"Mimi shahidi," Gurpreet akasema, akichovya biskuti. "Lakini jiwe si duka, Navin. Jiwe halijui huyu ni mtoto wa nani."

Nikita aliujua ugonjwa wa kigari kile. Haukuwa kwenye nguvu za kupanda bali kwenye usukani. Ndani yake kulikuwa na servo, mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele, na iliyokuwemo ilikuwa dhaifu, ya gia za plastiki. Kwenye ardhi tambarare iligeuka vizuri. Gurudumu likibanwa kati ya mawe mawili ililia tu kama mbu, na kigari kikaendelea kuelekea kulekule kisikotakiwa.

Mjomba wake alikuwa amemletea servo nyingine kutoka Leicester, nzito, yenye gia za chuma. Ilikuwa ndefu kidogo kuliko kiti chake, kwa hiyo alikisugua kiti kwa tupa mpaka ikakaa bila kulazimishwa. Hakuipa umeme kupitia kipokezi cha rimoti kama ile ya zamani, maana servo yenye nguvu hula umeme mwingi, na kipokezi kikikosa umeme kigari huzimika jiweni. Alivuta waya wake peke yake kutoka kwenye betri, akaweka katikati kifaa kidogo cha kupunguza umeme. Kisha akawasha rimoti, akaiacha servo itafute katikati yake yenyewe, ndipo akafunga kwa skrubu mkono wake, kile kipande kinachosukuma fito ya usukani. Wengi hufunga mkono huo kwanza, halafu hushangaa kwa nini gari linapenda kushoto.

Sunny alisimama mlangoni akila njugu.

"Niaje, Niki. Bado unafanyia hiyo toy operesheni?"

"Imeshatoka theatre. Wewe endelea kuomboleza."

"Ikipanda nitakuita Engineer. Ikikataa utanipikia chapati mpaka siku ya harusi yako."

"Harusi yangu itakuja kabla hujajua kuuvua waya soksi yake ya plastiki."

Akacheka. Hakuwa mtu mbaya, Sunny. Ubaya wake ni kwamba hakuwahi kuhitaji kuwa mzuri.

Jumapili hiyo iliangukia Dasara. Siku hiyo, katika nyumba kama yao, vifaa vya kazi huheshimiwa: huoshwa, hupakwa alama nyekundu, hufungwa uzi mwekundu, na hakuna anayevitumia kabla ya maombi. Asubuhi Dadi Bhagwanti, mama yake Navin, alipita dukani kwa hatua zake ndogo, akifunga uzi kwenye mizani, kwenye drili, kwenye droo ya pesa, kwenye kufuli la mlango. Huko barabarani lori la kampeni lilipita likipiga kelele za uchaguzi, naye hakugeuza hata shingo. Alipofika kwenye kigari alikiinua kama anayeinua mtoto mchanga, akatazama chini yake.

"Mkono wake ni upi, beta, mwanangu?"

Nikita akamwonyesha bila kufikiri. Dadi akazungusha uzi kwenye mkono wa servo na fito ya usukani, mzunguko juu ya mzunguko, akanong'ona maombi, akafunga fundo.

Nikita aliona kosa papo hapo. Uzi karibu na kitu kinachozunguka ni kama nyasi kwenye ekseli ya baiskeli. Lakini Dadi ndiye aliyekataa kula mpaka Navin alipokubali binti yake aende chuo. Ni Dadi peke yake katika nyumba ile aliyewahi kumwita fundi bila kucheka. Na fundo la Dasara halikatwi. Huachwa lioze lenyewe.

Kwa hiyo hakukata. Dadi alipogeuka, aliusukuma uzi kwa kidole mpaka mwisho wa fito, mbali na servo, akajiambia kwamba utakaa huko.

Mchana walipanda Menengai. Upepo ulikuwa mkavu, vumbi jeupe likaingia midomoni. Chini kabisa ziwa lilikuwa na ukingo wa waridi wa heroe, na hakuna aliyelitazama. Watu walizunguka jiwe, Navin mbele yao. Dadi aliketi kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, kikapu cha chapati za paratha mapajani.

"Sheria ni ileile," Gurpreet akatangaza. "Ukigusa gari kwa mkono unapoteza alama, lakini unaendelea. Likianguka au likifa, umemaliza. Haya, dada, tuonyeshe."

Kigari kilianza kupanda. Nikita alikipeleka kwenye ufa wa kwanza, gurudumu likabanwa, akageuza, na servo mpya ikalisukuma kando kama mtu anayefungua mlango wa nyumbani kwake. Watu wakaguna kwa mshangao. Kwenye bega la jiwe, pale Sunny aliposhindwa, kilisita, kikajigeuza, kikapita.

"Aisee!" Sunny akapiga kelele, amesahau kwamba alipaswa kuombea kinyume. "Niki, wewe ni mchawi!"

Ulibaki mgongo wa mwisho. Kigari kikatua kwa kishindo kidogo, na Nikita akaona wekundu ukisogea. Kutikiswa kulikuwa kumeurudisha uzi. Akageuza kushoto, uzi ukaingia chini ya mkono wa servo. Akageuza kulia, ukajizungusha zaidi. Magurudumu yakagoma nusu ya njia na servo ikaanza kulia kwa sauti nzito, sauti ya kitu chenye nguvu kilichofungwa.

Mfukoni alikuwa na kisu kidogo cha kumenyea waya. Hatua chache, mkato mmoja, alama moja imepotea, na meza ni yake.

Akamtazama Dadi. Dadi alikuwa amekunja mikono kifuani, macho ameyafumba, midomo ikicheza. Alikuwa akimwombea.

Nikita akabaki na rimoti mkononi. Akajaribu kurudi nyuma, akajaribu kuulegeza uzi kwa kugeuza polepole. Moshi mwembamba ukapanda, na harufu ya plastiki iliyoungua ikawafikia wote. Kigari kikateleza kando, kikalala chali.

"Limekufa," Gurpreet akasema kwa upole. "Pole, dada."

Nikita akapanda jiweni, akakiokota kigari. Aliwaacha waseme wao: servo ya bei rahisi, servo feki, msichana amekaza sana. Dadi akamshika shavu. "Mungu ameamua, beta. Labda anakutafutia kitu kizuri zaidi. Nyumba yako mwenyewe." Akampa paratha. Nikita akaila, kwa sababu alipewa na mkono ule, na kila tonge lilikuwa chungu.

Kesho yake, kabla duka halijafunguliwa, aliifungua servo. Akauvuta uzi mweusi wa masizi, akauweka mbele ya baba yake juu ya kaunta.

"Papa, si servo. Ni huu. Kazi yangu ilikuwa safi."

Navin aliutazama uzi kidogo tu.

"Najua. Niliuona ukiingia."

"Uliuona?"

"Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wewe."

"Na ukanyamaza?"

"Ungetaka niseme nini? Kwamba baraka ya mama yangu imeua gari? Mbele ya Gurpreet?" Akaanza kufungua kufuli za droo, moja baada ya nyingine. "Ulikuwa na kisu, Niki. Sunny angeukata."

"Na Dadi?"

"Dadi angenuna siku moja, halafu angemsamehe. Ni kijana, angesema. Vijana hawana subira."

"Na kama ningeukata mimi?"

Navin akafungua droo ya mwisho. Alichukua muda mrefu kupanga sarafu zilizokuwa zimepangika tayari.

"Ahadi ni ahadi," akasema. "Ilikataa kupanda."

Nikita akakunja uzi, akautupa kwenye ndoo ya taka pamoja na maboksi ya balbu. Hakulia. Machozi yangewapa nafuu: wangemfariji, na wakishamfariji wangeona wamemlipa.

Saa ya kufungua ilipofika Sunny aliketi kwenye meza ya fundi, amevaa shati jipya. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka mtaa wa Kaptembwo, amebeba redio iliyofungwa kwa leso.

"Inakoroma tu, boss. Haitamki hata neno."

Sunny akaifungua redio. Akaitazama ndani kwa muda, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akainua kichwa, akatabasamu tabasamu lake lililomfungulia milango yote tangu utotoni.

"Niki, njoo kidogo."

Kutoka alipokuwa, Nikita aliisikia redio ile na alijua ilikuwa na nini. Angeitengeneza huku akihesabu chenji. Baba yake aliinua macho, akamtazama yeye, akatazama meza, na kwa kidevu akamwashiria aende, kama mtu anayeomba chumvi.

"Fundi ni huyo hapo, mathe," Nikita akamwambia mteja. "Mpe nafasi afikirie."

Akarudi kwenye kaunta kuuza balbu, na Sunny alipomwita mara ya pili hakugeuka.