Breki za Mpira wa Mkanda

Breki nilizomtengenezea Damas zilifaa kwa kila kitu isipokuwa kushuka mlima, na Damas alipenda kushuka mlima kuliko kula. Naanza na hilo, asije mtu akasema mimi Symphorien nimelificha nyuma ya mizaha.

Ilikuwa mwaka 1975, hapahapa Likasi. Duka la Mgriki aliyetuuzia vipuri lilikuwa limetwaliwa na serikali, likapewa mwananchi mmoja mwenye marafiki wakubwa. Akauza kila kitu kilichokuwa kwenye rafu, kisha akauza na rafu zenyewe. Pikipiki zetu za Kijapani zikabaki yatima. Na kwenye pikipiki kinachokwisha upesi ni viatu vya breki, yale mapande mawili yaliyopinda kama mwezi mchanga, yanayokaa ndani ya kitovu cha gurudumu. Yamevikwa kitambaa kigumu. Ukikanyaga, kitambaa kinasugua chuma, gurudumu linasimama. Kitambaa kikiisha, unasimamisha kwa miguu na kwa sala.

Mimi nilikuwa fundi wa karakana ya kiwanda. Nyuma ya karakana kulikuwa na lundo la mikanda iliyochakaa, ile mipana ya mpira inayopitisha mawe ya shaba toka kinu hiki mpaka kile. Wenzangu walikata ndala humo. Mimi nikakata breki, freni kwa lugha yetu. Nikazipigilia kwa misumari ya shaba, maana shaba haikutupungukia, nikafunga gurudumu, nikaenda kujaribu barabara ya Panda. Zilishika! Nilirudi nikawaambia watu kwamba nilisimama ghafla mno, kivuli changu hakikuwahi kusimama nami, kikaendelea peke yake mpaka Kambove, nikakaa kando ya njia nikikingoja hadi jioni. Watu walicheka, kisha wakaleta pikipiki zao. Kumi na moja nilizifunga kwa mwezi mmoja. Wakaanza kuniita enjenyeri.

Ya kwanza kati ya hizo ilikuwa ya Damas.

Damas alikuwa karani wa stoo. Kwenye karatasi za kiwanda alikuwa na jina jingine, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini ukivuka mlango wake alikuwa Damas tu. Na alikuwa mtani wangu. Ukoo wake na wetu hutaniana tangu enzi za mababu. Nikimkuta anakula, nachukua nyama kwenye sahani yake. Akinikuta nimevaa suti, ananiuliza nimemvua maiti gani. Hakuna kukasirika. Na mmoja akifa, mwenzake ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayemwigiza marehemu mbele ya waombolezaji mpaka wacheke.

Kila baada ya wiki mbili Damas alikwenda Kapolowe, kwa wakwe zake, kulima mahindi, kwani unga mjini ulikuwa wa kubahatisha. Petroli nayo ilikuwa hivyohivyo. Basi wanaume wa Likasi walijifunza akili moja: ukifika juu ya mlima, unazima injini, unatoa gia, unajiachia na uzito wako. Tuliita kushuka bure. Walishindana nani atafika mbali zaidi bila kuwasha, na Damas alikuwa bingwa. Alidai siku moja alishuka bure mpaka akajikuta amepanda mlima wa pili. Huo uongo alinifundisha yeye, si mimi niliyemfundisha.

Mimi sikuwahi kushuka bure. Nilikuwa na petroli ya karakana, usiniulize kwa njia gani. Nilishuka siku zote na gia ya pili, vitesi ya mbili kama tunavyosema, injini ikizuia mzigo, breki zikisaidia kidogo tu. Ndiyo sababu sikujua.

Nilijua Alhamisi moja. Nilitoka Kambove, tangi likakauka nikiwa juu ya mlima. Nikajiachia. Nusu ya mteremko nikasikia harufu ya ndala iliyotupwa motoni. Nikakanyaga breki, kanyagio likashuka mpaka chini, laini kama kukanyaga tope, na pikipiki ikazidi kukimbia. Breki ya mbele vilevile. Nilisimamishwa na kichuguu. Nilipolala pale, shati limechanika, nikagusa kitovu cha gurudumu, ngozi ya kidole ikabaki pale. Nikafungua. Mpira ulikuwa umeyeyuka, unang'aa na kuvutika kama bukari, ugali wetu wa huku, iliyopikwa na mtu mvivu.

Mkanda wa mawe haukutengenezwa ili usuguliwe. Ukiugusa kidogo na kuuacha, unashika. Ukiusugua kilomita mbili mfululizo unachemka, na ukichemka huna breki. Jambo dogo hivyo. Na Jumamosi ilikuwa zamu ya Damas kwenda Kapolowe, awali alishuka bila mzigo, akizigusa breki kidogo tu, lakini safari hii alikuwa amepata gunia la mbolea la kupeleka shambani, kilo hamsini nyuma ya mgongo wake.

Ijumaa saa kumi na moja jioni nikaenda kwake. Nilimkuta uani na mkewe Emérance, na Joachim wa kiwanda cha asidi, ambaye naye alikuwa na breki zangu.

Joachim akaona shati langu, lilelile la jana lililochanika. "Enjenyeri, nani alikupasua hivi? Bibi yako?"

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Kinywa kikafunguka, kikatoa mengine.

"Freni zangu ziko na mapenzi," nikasema. "Ziliona kichuguu kule Kambove, zikakipenda, zikanipeleka kukiposa."

Wakacheka. Damas akapiga paja. "Za minye zikipenda kitu, zipende nguruwe ya ba padri kule misioni. Tutakula!"

"Damas, sikia. Minye niko nasema kweli. Kesho pale mulima usizime motere. Tia vitesi ya mbili. Freni zikipata moto, zinayeyuka."

"Weye? Kweli?" Akageuka. "Mama Emérance, kuya uone! Mutani anasema kweli!"

"Huyu anagonjwa," Emérance akasema, naye anakoroga sufuria. "Mutani akisema kweli, homa inamushika. Mupatie kiti asianguke."

"Anaona wivu," Joachim akaongeza. "Weye unashuka bure mpaka Kapolowe, yeye anashuka mpaka kichuguu."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kusimama, kuchukua spana mfukoni, kulala chini na kufungua gurudumu la Damas mbele yao. Nusu saa, basi. Wangeona ule mpira, wangeacha kucheka. Lakini gurudumu moja lingenifungulisha kumi na moja, na wanaume kumi na mmoja wangeniuliza nilijaribu wapi kabla ya kuwafungia. Nikacheka nao. Nikachukua nyama kwenye sahani ya Damas, kama desturi, nikala bukari yangu.

Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa langoni kwake na spana mkononi. Sikuwa nimelala. Emérance alikuwa anafagia.

"Mutani wako ametoka kitambo kidogo," akasema. "Alitaka kufika mbele ya jua."

Nikapanda pikipiki yangu, ambayo yenyewe haikuwa na breki, nikaenda na gia tu. Sikukimbia. Nataka hilo lijulikane pia: hata asubuhi ile, nilipokuwa namfuata mtu, niliogopa ngozi yangu, nikashuka polepole na gia ya kwanza.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Kwenye kona ya chini ya mlima, mbolea ilikuwa imemwagika barabarani, nyeupe, kana kwamba mtu amepanda chumvi. Damas alikuwa chini ya gunia, upande wa shimo. Nilimtoa, pumzi imekwisha, nikamfunga kidevu kwa leso yangu. Kisha nikafanya jambo la fundi, Mungu anisamehe: nikatazama ufunguo wa injini. Ulikuwa umezimwa. Gia ilikuwa imetolewa. Kitovu cha gurudumu bado kilikuwa cha moto.

Waliomboleza siku mbili. Siku ya pili, Augustin, kaka yake mkubwa, aliniita katikati ya uani. Mkononi alikuwa na kofia ngumu ya kiwanda, ile Damas aliyovaa safarini.

"Mutani, fanya kazi yako. Bantu wamelia mingi. Onyesha vile ndugu yangu alikuwa anakwenda."

Sikuweza kukataa. Mtani akikataa ni kama amemtukana maiti. Nikavaa kofia, nikakaa juu ya kigoda, nikashika mikono ya pikipiki hewani. Nikavimbisha tumbo kama lake. Nikazima injini ya mdomo wangu, nikainamisha kichwa pembeni, kwa raha, vile alivyofanya akishuka bure. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Hata Emérance, amefunikwa kitambaa, mabega yake yakatikisika.

Nikabaki juu ya kigoda. Nikasema, "Minye nilimuua. Freni nilimutengenezea zinayeyuka. Nilijua tangu siku ya ine, Alhamisi, sikumuambia muzuri."

Kicheko kikaongezeka. Mama mmoja akapiga ardhi kwa kiganja. "Huyu njo mutani ya kweli!"

"Minye nasema kweli!"

"Sema tena!" wakapiga kelele. "Sema tena!"

Joachim alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akamwendea Augustin. Nikamsikia: yeye atakwenda Kapolowe kuchukua baba mkwe wa Damas kwa ajili ya mazishi, anatoka sasa hivi. "Petroli iko kiloko, kidogo sana," akasema, "lakini kwenda ni kushuka tu."

Nikavua kofia. Pikipiki saba zenye breki zangu zilikuwa zimepangwa kando ya uzio. Ya Joachim ilikuwa ya kwanza. Nikalala chini, nikafungua nati za gurudumu la nyuma, na watu wakazidi kucheka, wakidhani mchezo unaendelea. Nikachomoa viatu vya breki, nikavipeleka kwenye moto wa kilio, nikavitupa ndani. Moshi mweusi ukapanda. Harufu ileile.

Nikarudi kuchukua vya pikipiki ya pili.

Joachim akanishika shingo. "Unapasula kintu yangu? Hii si mizaha tena!"

"Si mizaha. Angalia mu moto."

Walitazama. Mpira ulikuwa unatiririka juu ya kuni, unadondoka tone kwa tone. Kicheko kikaisha kutoka mbele kwenda nyuma. Joachim akaniachia.

Emérance akainuka kwenye mkeka. Wanawake wawili wakamshika, akawatoa. Akasogea karibu na moto, akavuta ile harufu.

"Ya Damas ilikuwa namna hii?"

"Ndiyo, mama."

"Na siku ulikula kwangu, ulijua?"

"Nilijua. Nilisema, kisha nikacheka na ninyi."

Nilingoja anipige. Ningefurahi anipige.

"Fungua zote," akasema. "Za hapa na za mu mji. Kisha usirudie mulango huu."

Nikafungua zote saba. Hakuna aliyenisaidia kushika gurudumu, hakuna aliyenizuia. Joachim alikwenda Kapolowe kwa lori. Wengine walisukuma pikipiki zao kwa miguu hadi nyumbani, na mimi nikawafuata mtaa kwa mtaa na spana yangu, mpaka niliposikia, nikiwa nimelala chini ya pikipiki ya kumi huko Kamatanda, kwamba maiti imekwisha kutoka kwenda makaburini.

Kaburi lilichimbwa na mtani mwingine, waliyemwita toka Kambove. Wanasema alijitahidi, lakini hakumjua Damas, na watu hawakucheka.