Sifuri Iko Wapi

Kwenye korido za mahakama walimwita Wakili wa Nzige. Jina lilianza siku alipoingia na droni mkononi kama kielelezo, upepo wa feni ya ukutani ukayazungusha mapanga ya droni hiyo, na karani akaruka kutoka kwenye kiti. Wenzake walicheka wiki nzima. Yeye hakununa. "Nzige ana miguu mingapi?" aliwauliza. Hakuna aliyejua. "Basi mimi nimeshahesabu," akasema, akaenda zake.

Hakuna chuo kilichomfundisha sheria ya vyombo hivyo. Alipokuwa anasoma, havikuwepo. Alinunua droni iliyokufa, akaifungua juu ya meza ya kulia chakula, akasoma vitabu vya maelekezo mpaka yale maandishi madogo ya kurasa za mwisho. Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea na ambaye mpaka leo wanakaa nyumba moja, alikuta skrubu ndani ya kopo lake la vifungo. "Iko siku nitamshonea mtu shati la skrubu," alisema. "Hapo ndipo utapata kesi ya maana."

Mteja wa Jumatatu ile alikuwa rubani wa droni, mwanamume wa makamo mwenye goti lililogoma kukunjika. Zamani alikuwa akipanda matenki ya maji kwa kamba kutafuta nyufa, mpaka siku aliyoanguka. Alipotoka hospitali alijifunza kurusha droni, akapata leseni, na tangu hapo tenki la kutwa nzima alilimaliza kwa saa moja, miguu yake ikiwa chini.

"Wameishika leseni yangu, mama, wanataka kuninyang'anya kabisa," alisema. "Nirudi kwenye kamba na goti hili?"

Wakili alisoma karatasi zake polepole, moja baada ya nyingine. Kanuni ilikuwa fupi: droni isipite juu ya makazi ya watu ikiwa chini ya mita hamsini kutoka ardhini. Mama mmoja anayekaa bondeni, chini ya kilima chenye tenki, alilalamika kwamba droni ilimpitia kichwani akiwa anaanika nguo. Mamlaka ya anga ikampelekea rubani fomu. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa Urefu. Humo rubani alijaza: mita 18. Chini yake, sahihi.

"Kumi na nane uliitoa wapi?"

"Kwenye rimoti, mama. Ndiyo namba niliyoiona. Sikutaka kudanganya."

"Umejifunga kamba mwenyewe, kaka. Tena kwa fundo zuri."

Rubani alicheka kidogo, bila kupenda. Wakili hakucheka. Alikuwa amechukua penseli.

"Siku hiyo uliirushia wapi?"

"Kule juu kilimani, pembeni ya tenki. Nina duara nimelichora kwa rangi, sirushi nje yake. Nilitaka picha za upande wa bondeni, kwa hiyo niliirudisha nyuma mpaka ikawa juu ya nyumba ya yule mama."

Wakili aliandika: kilimani, duara. Akapiga mstari chini yake. Alikuwa amekulia chini ya meza ya cherehani, akiwasikia wateja wakimkabidhi shangazi vipimo walivyoviandika nyumbani, na shangazi akiwauliza swali lilelile: kuanzia wapi? Sentimita mia kuanzia begani ni gauni, kuanzia kiunoni ni sketi. Namba isiyo na mwanzo shangazi aliirudisha na kuchukua futi yake shingoni.

Droni nayo huanza kuhesabu pale inapopaa. Pale ndipo penye sifuri yake. Ikitoka juu ya kilima na kuelea juu ya bonde, rimoti haijui kwamba ardhi imeshuka.

"Kilima kikiwa na mita thelathini na mbili au zaidi, tumepona," alisema. "Kikipungua, leseni imekwenda."

"Ni kirefu, mama. Goti langu linakijua."

"Jopo halitalihoji goti."

Kesho yake walipanda na mpima ardhi mmoja, mtu wa maneno mengi, aliyebeba darubini yake ya miguu mitatu begani. Walianzia kwenye duara la rangi, wakashuka hatua kwa hatua mpaka kwenye geti la yule mama. Alikuwa amesimama hapo tangu walipoanza kushuka, mikono kiunoni. Wakili alimsalimia, akamweleza yeye ni nani na anamtetea nani, akaomba ruhusa ya kusimamisha kipimo uani.

Mama alimtazama, kisha akafungua geti. "Angalau ninyi mmepiga hodi. Lile dude halikupiga."

"Ulikuwa na haki ya kushtuka," Wakili alijibu. Hakusema hivyo kwa ujanja.

Hesabu ilitoka mita arobaini na sita. Mpima ardhi akaanza kukunja miguu ya darubini.

"Bado," alisema Wakili.

"Mama wakili, si tumeshapima?"

"Tumepima kushuka. Sasa tupime kupanda."

Mpima ardhi alinung'unika njia nzima. Kule juu ilitoka arobaini na sita na upana wa vidole viwili.

Shauri lilisikilizwa Jumatano, katika chumba chenye meza ndefu na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Jopo lilikuwa la watu watatu, mwenyekiti akiwa jaji mstaafu aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Wakili wa mamlaka alisimama na ripoti ya kurasa arobaini, ya rangi. Iliandaliwa na programu ya akili bandia, alisema, ambayo ilisoma kumbukumbu zote za safari ile kwa sekunde nne. Katika mchoro wake droni ilikaribia kugusa kamba ya nguo.

"Msomi mwenzangu," Wakili alisema kwa sauti yake ya chini, iliyowafanya watu waache kukohoa, "mita kumi na nane kutoka wapi?"

"Kutoka chini."

"Chini ya nani?"

"Chini, ardhini. Inaeleweka."

"Programu ndiyo iliyosema, au ni wewe umeelewa?"

Wakili wa mamlaka alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Programu si unayo hapo kwenye kompyuta? Iulize."

Mwenyekiti alikubali kwa kichwa. Mtaalamu wa mamlaka aliandika swali, na jibu likatokea ukutani kwa adabu zote: faili halikutaja urefu unaanzia wapi, kwa hiyo programu ilichukulia ni ardhi iliyo chini ya chombo.

"Sasa iulize, kwa droni ya aina hii, sifuri iko wapi."

Jibu lilikuwa la mstari mmoja. Mahali ilipopaa.

Wakili hakuilaumu programu, iliulizwa, ikajibu. Kabla ya hapo hakuna aliyeiuliza.

"Lakini mteja wako aliandika kumi na nane kwa mkono wake," alisema wakili wa mamlaka. "Akasaini."

"Aliulizwa urefu, akataja urefu. Kisanduku cha kuanzia wapi hakikuwepo."

Akamwita mpima ardhi, ambaye safari hii alijivunia sana kwamba alipima mara mbili. Arobaini na sita, jumlisha kumi na nane: sitini na nne.

"Nyumba ile ina paa," wakili wa mamlaka alijaribu tena. "Mita saba nzima."

"Kanuni inasema ardhini. Lakini chukua hizo saba, nakupa zawadi. Zinabaki hamsini na saba."

Hata mwenyekiti alishusha uso kuficha tabasamu. Baada ya nusu saa alisoma uamuzi: lalamiko limetupwa, leseni irudi kwa mwenyewe. Kisha akavuta ile fomu, akachora kwa kalamu kisanduku cha pili pembeni ya kile cha kwanza, akamsukumia wakili wa mamlaka.

Nje, rubani alikuwa anashuka ngazi akichechemea kama mtu anayeogopa kuitwa tena. Wakili alimshika mkono. Yule mama, aliyekuja kusikiliza lalamiko lake, alikuwa amesimama peke yake dirishani.

"Umeshinda. Sasa nenda kamsalimie."

Alikwenda. Akatoa simu na kumwonyesha picha za siku ile. Mama alizitazama moja moja, akizisogeza mbali na macho.

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Haimo, mama. Kamera ilikuwa inaangalia tenki."

"Na huu mstari?"

"Ni ufa."

"Uko upande gani?"

"Wa kwako, mama. Unaelekea bondeni. Nimeshawapelekea ripoti wenye tenki, lakini inabidi niufuatilie kama unaongezeka, nao leseni walikuwa wameishika."

Mama aliitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko zote.

"Utarudi lini?"

"Hata kesho."

"Njoo asubuhi," alisema, akimrudishia simu. "Na upige hodi kwanza, nitoe nguo kambani."