Ubavu wa Shaba

0

TANGAZO KWA WASHIRIKI
Mbio za farasi za masafa marefu, kilomita 120, Laikipia.

Kifungu cha 7. Kila baada ya kilomita arobaini farasi atasimamishwa na kupimwa. Ambaye moyo wake utapiga zaidi ya mara 64 kwa dakika baada ya mapumziko, ataondolewa.

Kifungu cha 9. Saisi anayemtunza farasi atajaza fomu ya malisho kwa ukweli.

kwa ukweli

(Saisi ni mimi. Naitwa Nasieku. Hapo niliposoma, nilirudi nikasoma tena.)

40

Moyo: 56.
Maji: ndoo moja na nusu.
Jasho: jingi. Povu jeupe shingoni na mapajani.
Uamuzi: aendelee.

Rehana, mwenye farasi na mpandaji wake, alikuwa anamenya ndizi huku anacheka.

"Nasieku, umemwona Shaba? Hana habari kabisa!"

"Nimemwona, madam."

Nami nikacheka. Mjinga mimi.

kati ya 40 na 80, damu inasema

Ninazunguka. Asubuhi nilikuwa na chumvi zangu zote. Kila povu linaloanguka vumbini linaondoka na sehemu yangu. Sasa misuli inadai kalsiamu, nami sina. Naiambia mifupa: toeni akiba. Haisikii. Wiki nzima kalsiamu imeingia kwa mdomo, tele, mifupa ikasahau kazi ya kutoa. Naiambia tena: toe

80

Moyo: 88.
Baada ya dakika ishirini: 84.
Uamuzi: ASIENDELEE.

Shaba amesimama chini ya turubai, kichwa chini. Ndoo ya maji iko mbele yake na haitazami. Ubavu wake unaruka. Unaruka. Unaruka.

80, waliosimama nyuma yangu

— Kwikwi tu hiyo.
— Kwikwi ya farasi? We!
— Yule mweusi wa mwaka juzi alianza hivihivi.
— Akawaje?
— Shh. Saisi wa Shaba huyo hapo.

80

Wewe unayesoma, weka mkono kifuani. Umeusikia moyo? Sasa mkono mwingine weka kiunoni. Kiuno kimetulia, sivyo? Shukuru. Cha Shaba kilikuwa kinaruka kila moyo ulipopiga, pigo kwa pigo, na hakuna aliyeweza kukituliza.

80

Daktari Mumbua, anayepima farasi wa mbio, alivuta damu, akaitia kwenye kimashine chake cha mkononi cha kupima kalsiamu. Saa saba mchana, jua linachoma hadi ndani ya turubai. Kimashine kikaandika:

JOTO LIMEZIDI.
HAKUNA JIBU.

Akakipepea kwa kofia. Akajaribu tena.

HAKUNA JIBU.

Fomu ya malisho, siku saba kabla ya mbio

Nyasi kavu: NDIYO.
Lusini (jani la malisho lenye kalsiamu nyingi): HAPANA.
Sahihi: Nasieku

Ninavyoviogopa, si kwa mpangilio

Kufukuzwa kazi.
Macho ya Rehana.
Shaba kupiga magoti.
Shaba kupiga magoti.
Sahihi yangu kubaki pale yeye hayupo.

80

"Dadangu," Daktari akaniita pembeni, lakini Rehana akatufuata. "Mashine imegoma. Nina chupa moja ya kalsiamu. Nikimtia na kumbe si upungufu wa kalsiamu, naweza kuusimamisha moyo. Nisipomtia na ndiyo shida, nampoteza vilevile. Alikula nini wiki hii?"

"Imeandikwa, Daktari."

"Kusoma najua. Nakuuliza wewe."

"Nyasi kavu," Rehana akajibu. "Niliagiza mwenyewe."

Lu

Nikaikaza kamba ya Shaba mkononi.

"Lusini," nikasema. "Kila jioni. Mafungu mawili. Siku zote saba."

80

Nielewe. Mbavu za Shaba zilikuwa zinaonekana. Kwetu ng'ombe wakihamishiwa malisho ya mbali, hulishwa vizuri kwanza, ndipo wanapoanza safari. Nikamwona huyu naye ana safari, na ananiita uani kila jioni, nikachukua lusini ya ng'ombe wa maziwa. Nilimpenda, basi. Nilimpenda vibaya.

80

Rehana hakunitukana. Alininyang'anya kamba tu. Shaba akarudi nyuma, akayumba.

"Mrudishie," Daktari akasema. "Namtaka mtu anayemtuliza. Mengine mtaongea baadaye."

Rehana akanirudishia kamba bila kunitazama.

"Hiyo lusini ndiyo imeilaza mifupa," Daktari akaniambia, tayari anatafuta mshipa shingoni. "Sasa nadondosha kalsiamu taratibu. Wewe weka sikio hapa, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Moyo ukiruka pigo, ukisita, chochote, piga kelele. Hata kama huna hakika. Umenisikia?"

"Nimesikia."

80

Du. Ubavu unaruka.
Du. Ubavu unaruka.
Chupa imeshuka robo.
Du. Ubavu unaruka, kidogo.
Du.
Chupa nusu.
Du. Ubavu umetulia.

Rehana akashika mdomo. "Umetulia! Nasieku, umetulia!"

Du.

Du.

 

 

Moyo umesita, au ni woga wangu?

 

"Daktari, simamisha!"

Kidole chake kikabana mrija papo hapo. Nikagandamiza sikio kwenye manyoya yaliyolowa jasho, nikafumba macho.

"Nasieku?" Rehana akaniuliza. "Unasikia nini?"

Nami sitaki tena kusema kitu ambacho si kweli.

"Ngojeni," nikasema.

 

81

Du. Ubavu umetulia.