Mkono wa Fiameta

Usingizi unanichukua mchana, nimelala chali juu ya jukwaa la mbao kanisani Peramiho, brashi bado mkononi, na mbao zinaachia, naanguka, nafika kwenye barabara isiyo na mwisho. Kushoto mji, kulia mji uleule umegeuzwa kama kwenye kioo. Mtu asiye na uso ananishika mkono. Naenda wapi? Unakotoka, anasema, ila mlango umehamishwa. Tunatembea hadi uwanja ambamo picha zinachomwa, na rangi zinachuruzika motoni kama mafuta ya nyama. Mwanamke amefungwa kwenye gogo. Ndiye Fiameta, ananiambia asiye na uso, amemchora Mama Maria kwa sura ya mfua nguo. Hakimu mwenye joho anamuuliza, sura hiyo umeipata kwenye kitabu gani? Sikuipata kitabuni, mheshimiwa, nilimtazama mtu. Umati unanguruma. Mawe yanarushwa, moja linampasua mdomo. Hakimu ananikabidhi nyundo. Wewe mchoraji, vunja vidole vyake, au tuvunje vyako. Nataka kukataa, ila hofu inaniinua mkono. Napiga. Kidole kinalia kama kijiti kikavu, mfupa unatokeza mweupe, Fiameta anapiga yowe, kisha anahema, ananikodolea macho. Fundi, anasema, umeuona mkono ulivyokaa? Basi uchore hivyohivyo, usiwaulize hawa. Naitupa nyundo. Nachomoa kaa motoni, linaniunguza kiganja, nakimbilia ukuta wa kanisa lao na kuuchora ule mkono, mshipa kwa mshipa, damu na yote. Mshikeni! Rungu linanipata mgongoni, lingine kisogoni, nyuso zimejaa juu yangu, nami nachora, kucha ya mwisho, nachora, hadi mguu wa mtu unanikanyaga shingo.

Baba Neema, amka, chakula kinapoa. Ni mke wangu, Skolastika, amepanda ngazi na hotipoti. Wameondoka? namuuliza. Nani? Nje watu wanapiga kelele, yeye anasema ni kwaya inafanya mazoezi, mimi sisikii wimbo wowote. Ananimiminia maji. Haya, nawa. Namnyooshea ngumi, ndani yake bado kunaunguza. Fungua basi, mume wangu, anasema, na nje kelele zinasogea mlangoni, nami siwezi kuifungua.