Kundi la Pili la Kware

Dada yangu Sau-fong alikuwa amechoka hadi akawa anawaambia kware "samahani" anapowapita. Nilimcheka. Hakuwa hata na nguvu za kunirushia ndala.

Aliacha kazi katika kiwanda cha majokofu hapa Shunde, kusini mwa China, ili afuge kware wa nyama nyuma ya nyumba yetu. Kundi la kwanza lilikataliwa na Kwok, mpishi mwenye mgahawa karibu na soko: ndege walikuwa wembamba. Akilikataa na hili la pili, vizimba vinang'olewa, dada anarudi kiwandani.

Kwa hiyo safari hii alipima chakula mwenyewe. Protini asilimia ishirini na nne kwa vifaranga, wakikua ishirini, basi.

"Ikizidi hainenepeshi," alituambia. "Inatoka nyuma."

Na ilitoka. Trei zikalowa, hewa ikachoma macho, dada akawa anasugua kutwa nzima na kupima upya mashudu ya soya, haelewi anakosea wapi.

Siku Kwok alipokuja tulimchomea kware mmoja. Akatafuna, akaacha kutafuna.

"Sau-fong, huyu ni ndege au mdudu?"

Dada akanusa nyama. Akageuka polepole. "Nani amewapa viwavi wa hariri?"

Kwetu viwavi waliokaushwa ni chakula cha samaki wa bwawani. Baba akatazama dari.

"Mimi niliongeza soya tu. Kidogo. Kila asubuhi."

"Baba!"

"Walikuwa wananiangalia."

"Viwavi ni wangu," akasema Bibi, bila haya. "Kumpimia mtu chakula kwenye mizani! Majirani watatuonaje?"

"Bibi, hawa si watu, ni kware!"

"Ndiyo maana niliwapa kiganja kimoja tu."

"Kila kizimba," nikachomekea.

"Nyamaza wewe, mdomo kama bata."

Kwok akafuta vidole. "Wamenona, sikatai. Lakini wateja wangu hawataila harufu hii." Akaondoka, chai hakumaliza.

Nilingoja dada alipuke. Akakaa juu ya gunia, akavua glavu taratibu.

"Utarudi kiwandani kweli?" Bibi akauliza, sauti imeshuka.

"Jumatatu." Dada akafumba macho. "Kule hakuna mtu anayeionea mashine huruma."

Baba akaenda kutafuta bisibisi ya kung'olea vizimba.