Mkwe Amenunua Lake View

Pale Lake View hakuna aliyewahi kuona ziwa. Hata ukipanda juu ya tangi la maji, utaona mabati ya mtaa wetu wa Burumba, migomba, na upande wa pili Uganda imetulia. Lakini mzee aliyejenga senta hiyo alikuwa amefika Kisumu mara moja, jina likampendeza, na nani angembishia mwenye ghorofa?

Ilikuwa na enzi yake. Nikiwa shule ya msingi, watu walitoka Malaba na hata Rukala kuja kula Krismasi pale. Ungekula nyama choma chini, upigwe picha studio mbele ya ndege iliyochorwa ukutani, halafu upande ngazi ukacheze disko. Nilipomaliza kidato cha nne nikawa mimi ndiye dijei wa huko juu, lakini wakati huo ndege ya studio ilikuwa imepauka ikabaki bawa moja. Magendo ya sukari na kahawa yaliyokuwa yakiwapa watu pesa za kuchezea yalikuwa yamepungua. Malori makubwa yalilala Malaba. Kila ploti ilikuwa na chumba chake cha video. Mwenye bucha akahama, fundi wa redio akamfuata, kinyozi naye akaondoka na kioo chake kichwani. Mwaka wa tisini na sita, Jumamosi moja mchana mzima, niliwapigia muziki mbuzi wawili waliopanda ghorofani kutafuta kivuli. Mmoja alijitahidi.

Sehemu moja tu ilibaki na uhai: chumba cha nyuma cha Mama Mirija. Jina lake ni Asekenye, Mteso wa Amukura, mjane. Alikuwa na kibali cha kuuza ajono, ile pombe ya wimbi inayokaa kwenye chungu kikubwa, ikaongezwa maji moto, na wanywaji wakazunguka chungu kila mmoja na mrija wake mrefu kama fimbo ya kuvulia samaki. Jumapili alikuwa shambani kwake Amukura, siku nyingine zote alikuwa Burumba. Kwa chungu hicho alisomesha watoto, wa mwisho Akiror, aliyeolewa mwaka uliotangulia.

Wateja wake walikuwa wazee. Mzee Barasa, karani wa forodha aliyestaafu, alizika mke wake asubuhi na jioni yake akaja kuketi pale, hakunywa, alishika mrija tu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Ndiyo maana chumba kile hakikuwa chumba tu.

Basi siku moja akaja Ojwang, dalali mwenye tai fupi, akatukusanya chumbani kwa Mama Mirija.

"Senta imeuzwa," akasema. "Mwisho wa mwezi kila mtu nje. Chini vibanda vya mitumba, juu lojingi. Wewe dijei, tafuta harusi za watu."

"Nitatafuta yako kwanza," nikamwambia. "Naona umechelewa."

"Na mimi?" akauliza Mama Mirija.

"Chumba chako kitakuwa vyoo, mama."

Mzee Barasa akatoa mrija mdomoni kabla chungu hakijaisha. Sikuwa nimewahi kuona jambo hilo.

"Aliyenunua ni nani?" mama akauliza.

"Bosi mmoja wa mahindi, wa huko Malaba. Mtamwona."

Mama Mirija akafuta mikono kwa leso yake polepole. "Sina pengine pa kuweka chungu, Ojwang. Nyumbani ni mbali na hawa wazee hawana miguu ya kufika. Huyo bosi akija, mniletee hapa hapa. Nitamwomba uso kwa uso."

Bosi akaja Alhamisi kwa pikapu, pamoja na Ogweno, fundi wake wa ujenzi. Kijana mrefu, mpole, viatu vinang'aa kuliko mustakabali wangu. Mathews Ochom, ndivyo alivyojitambulisha. Wakaanza kupima na ile futi ya chuma ya kujikunja, Ogweno ameshika kibweta, Ochom ameshika ncha, anatembea mbele huku akihesabu.

"Huku nyuma kuna nini?" akaniuliza.

"Kuna Mama Mirija, bosi. Ana hamu sana ya kukuona."

"Yule wa pombe? Ojwang ameniambia. Nitaongea naye vizuri." Akasukuma mlango, akaingia.

Nilisikia kitu kama kikohozi. Halafu Ochom akatoka kinyumenyume, ameinama, amefunika uso kwa mkono, akamgonga Ogweno, akaiachilia ncha ya futi, nayo ikarudi mbio ikamchapa fundi kidole. Ogweno akapiga yowe. Ochom hakugeuka. Alivuka uwanja, akavuka barabara, akasimama nyuma ya pikapu yake kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

Ndani nilimkuta Mama Mirija amegeukia ukuta, leso imefunika kichwa chote.

"Mama, amekutukana?"

"Nyamaza, Obuya," akasema ndani ya leso. "Huyo ndiye mume wa Akiror."

Wazee wote wakaguna kwa pamoja. Kwa Wateso, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hali naye chakula, hanywi chungu kimoja naye, jina lake hata halitaji. Siku ya mahari Ochom alikaa na wanaume na mama mkwe akabaki jikoni, wakaonana kwa mbali tu. Alijua mke wake ana mama anayelima Amukura, basi. Kuuliza mama huyo anashinda wapi na anafanya nini kungekuwa kumsogelea mno, na Ochom alikuwa mtu wa heshima. Kwa heshima hiyo hiyo akaenda kununua nyumba juu ya kichwa cha mkwewe na kumpangia vyoo.

Tangu hapo mimi nikawa simu, tena ile ya kuzungushwa kwa mkono. Nikavuka barabara.

"Muulize kama alijua ni mimi," akasema Ochom, jasho linamtiririka.

Nikarudi. "Mwambie kama ningejua ningefagia," akasema mama.

Nikavuka tena. "Mwambie nitaleta mbuzi kwa kosa la kuingia," akasema Ochom. "Lakini mafundi wanaanza Jumatatu. Nimeweka kila kitu changu hapa, ndugu yangu. Siwezi kurudi nyuma."

"Umesharudi, bosi. Watu wote wameona."

Hakucheka. Nikaona huruma.

Jumatatu, kwa ushauri wa Mzee Barasa, Mama Mirija akahamisha kigoda chake hadi lango kuu la senta, akaketi pale akichambua wimbi. Pikapu ikaja, ikapunguza mwendo, ikamwona, ikaongeza mwendo. Jumanne vivyo hivyo. Mafundi walikaa juu ya saruji yao wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, maana mwenye kazi hawezi kuja kuwaonyesha kazi. Jumatano nilitoa spika dirishani nikawa natangaza mechi: "Ochom anakuja na mpira, anakuja, anakuja... ameona beki, amerudi Malaba!" Burumba nzima ilicheka.

"Umeshinda, mama," Mzee Barasa akasema. "Kaa hapo tu mpaka azeeke."

Mama Mirija alicheka pia. Kisha Alhamisi akaja Akiror mwenyewe, mjamzito, miguu imevimba, na kicheko kikatuishia.

"Toto," alimwita, yaani mama kwa Kiteso, "unamfukuza mume wangu kwake."

"Naye ananifukuza kwangu."

"Hakujua! Sasa Malaba wanamwita Rivasi, kama gia ya kurudi nyuma. Akirudi nyumbani hasemi na mimi. Haniulizi kitu, anakula na kuangalia sahani. Nimwambie nini?"

"Mwambie aniachie chumba."

"Akikuachia chumba hataweza kuingia nyuma ya jengo lake maisha yake yote. Toto, acha hiyo kazi. Njoo ukae kwetu, nita..."

Akakumbuka mwenyewe. Katika Kenya nzima na Uganda juu, nyumba hiyo ndiyo moja ambayo mama yake hawezi kukaa. Akiror akaanza kulia, na mama yake akamsogezea kile kigoda akikalie, yeye akabaki amesimama langoni. Nilizima spika. Sikuwa na utani wowote mfukoni.

Mama Mirija akageuka, akalitazama jengo. Halafu akaita, "Ogweno! Lete hiyo plani yako."

Fundi akatandaza karatasi juu ya mfuko wa saruji, kidole bado kimefungwa kitambaa.

"Mimi nitakaa wapi hapa?"

"Hukai, mama. Hapo ni vyoo."

"Vyoo peleka kule kwenye mtaro. Mlango wangu uzibe huu wa ndani, unifungulie mwingine uangalie nyumba za Burumba. Hapa kati unijengee ukuta wa matofali kutoka chini mpaka kwenye paa, usiwe na dirisha wala tundu la panya. Yeye aingie kwa barabara, mimi kwa nyuma. Asinione hata akitafuta bahati mbaya."

"Huo ukuta utakula vibanda viwili vya bosi," akasema Ogweno.

"Obuya," akaniambia, "nenda ukamwambie. Na umwambie nimetoka langoni. Aje kazini kwake."

Nilimkuta Ochom kwenye kituo cha petroli, amekaa ndani ya pikapu. Alisikiliza mpaka mwisho, akahesabu vibanda vyake kwa vidole, akakunja viwili.

"Muulize," akasema, "ukuta uwe mnene kiasi gani."

Nikakimbia, nikarudi nikihema. "Anasema uwe mnene wa kumtosha yeye kukusema bila wewe kusikia."

Ndipo Ochom alipocheka kwa mara ya kwanza, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akacheka mpaka honi ikalia.

Senta ilifunguliwa mwaka uliofuata. Ndege ya studio ilipakwa chokaa, ghorofani kwangu kukawa vitanda na beseni. Siku walipoteremsha spika zangu sikutaka kuangalia. Sasa nauza mashati ya mitumba chini, kwa mdomo ule ule.

Ochom aliweka ofisi yake kando ya ukuta, mahali palipobaki, na hapo ndipo tulipogundua kwamba Ogweno alibana matofali, ukuta ukapitisha sauti. Jumamosi moja Ochom alinisimamisha mlangoni. Nilikuwa nimetoka upande wa pili kumpelekea Mzee Barasa shati.

"Obuya, wale wanacheka nini kila nikikaa hapa?"

Sasa, Ochom akiwa peke yake huimba nyimbo za kanisani, sauti ya nne na ya kwanza kwa zamu, na zote mbili hazifikii. Mama mkwe wake aliwaambia wazee kwamba fahali wake wa Amukura angeimba vizuri zaidi, ila huyu angalau anamwimbia Mungu.

"Bei ya sabuni, bosi," nikamjibu.

"Sabuni inachekesha hivyo?"

"Imepanda vibaya sana."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye meza yake. Haikupita muda akaanza ubeti wa kwanza. Upande wa pili wa ukuta wakanyamaza wote, wapate kusikia.